Kidole cha Stamili

"Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, hakuna kufuli lililonishinda," alisema Mabel Nathanaeli, Mtaalamu Mwandamizi wa Usalama wa Wakala wa Hifadhi ya Pembejeo, kanda ya kusini.

Alisema maneno hayo asubuhi, uani mwa nyumba ya wageni mjini Masasi, amesimama nje ya gari la Wakala lililofungwa milango yote. Funguo zilikuwa ndani, zinaning'inia penye usukani, zinamtazama.

"Ukiacha hili," akaongeza.

Nancy, mhudumu wa nyumba ya wageni, alikwenda penye kamba ya nguo akarudi na kipande cha waya. Akakikunja ncha, akakipenyeza juu ya kioo, akavuta. Mlango ukafunguka.

"Mama Oscar, hili gari la serikali?" Nancy akamwuliza Mabel.

"La serikali."

"Linafunguka kama debe la biskuti."

Mabel akamshukuru kwa sauti ya mtu aliyetafuna limau, akaingia, akaubamiza mlango kwa kishindo ambacho kuku wa uani hawakukistahili.

Hasira yenyewe haikuwa ya gari. Gari lilikuwa limejipitisha tu mbele ya hasira. Jumamosi iliyopita ghala la Wakala kule Newala lilifunguliwa, lori likaingia, likaondoka na salfa yote ya msimu. Salfa ndiyo dawa ya mikorosho. Isipopulizwa miezi hii, ugonjwa wa ubwiri unga unashika maua, na mkulima anabaki na majani ya kutazama mpaka mwakani. Mlango wa ghala lile ni wa umeme. Hauna tundu la funguo, na waya wa Nancy hauna pa kupenya. Unafunguka kwa dole gumba la mtu aliyesajiliwa, kisha mfumo unaandika jina lake. Siku ile mfumo uliandika jina la Stamili Hamudi, mtunza ghala, mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya. Polisi wakamchukua. Kesho alikuwa anapandishwa mahakamani, na Mabel alijua vizuri desturi ya ofisi yake: akishapandishwa mmoja, hakuna atakayetaka kusikia habari ya mwingine.

Simu ikalia kabla hajawasha gari. Alikuwa mkuu wake.

"Mabel, bado uko huko? Mfumo umesema ni Stamili. Na mfumo huo umeufunga wewe mwenyewe. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta kujua alipakiaje lori zima huku ana mtoto mgongoni."

"Alikuwa na wenzake."

"Mfumo umewataja?"

Mkuu akakohoa. "Nataka ripoti yako jioni."

"Utaipata. Usipoipenda, usinirudishie."

Maelezo ya watu wa kituo cha Newala alikuwa ameshayasoma yote. Ya Stamili yalikuwa mafupi na mabaya: nilikuwa nyumbani, mtoto ana homa, hakuna aliyeniona. Ya Swalehe, mlinzi wa geti, yalikuwa marefu na mabaya zaidi. Ya Chrispin Basil, msimamizi wa kituo, yalikuwa mazuri sana: siku nzima nilikuwa kijijini Chiwata, upande wa Masasi, kijana wa dada yangu anatoka jandoni, watu wengi ni mashahidi.

Mabel akaamua kuanza na yale mazuri. Maelezo ya mtu aliyetishika huwa na mikunjo. Haya yalikuwa yamepigwa pasi.

*

Chiwata, nyumbani kwa Upendo, dada yake Chrispin, sherehe ilikuwa haijafagiliwa. Mafiga makubwa yalikuwa bado uani na majivu yake, na miti ya turubai imesimama bila turubai. Upendo alikuwa anatwanga makopa ya muhogo. Pembeni yake mzee mmoja aliyevaa shati jeupe jipya alikuwa anachonga mpini wa jembe bila haraka yoyote.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hongera, nasikia mmemtoa kijana."

"Tumemtoa, Mungu amesaidia."

Mwanamke mwenye ndoo kichwani akapita njiani. "Mama Tabu, umeamkaje?"

Upendo aliinua mchi juu akaubakiza huko huko. "Kuku!"

"Yesu wangu! Nimesahau."

"Kuku. Jina hilo limebaki porini. Mimi ni Mama Barnaba."

"Jamani, Mama Barnaba, kuku wangu mwenyewe ana vifaranga."

"Walete na vifaranga."

Yule mzee akacheka mpaka mpini ukamtoka mkononi. "Kwa mwendo huu tutafungua banda. Ulimi wa watu wa kijiji hiki ni mzito kuliko shoka."

Mabel hakuhitaji kuelezwa. Alizaliwa Masasi, katika nyumba ya mwalimu wa kanisa, na kaka zake walikwenda jandoni na majina yao wakarudi na mengine. Jina la utoto halitamkwi tena, na anayelitamka anatozwa. La ukubwani nalo haliokotwi njiani: hulitangaza mjomba, kaka wa mama, mbele ya watu wote, siku ile ya kutoka.

"Na wewe mzee wangu? Shikamoo."

"Marahaba. Mimi jirani, Barnaba, nyumba ile ya bati jekundu. Kijana ni somo yangu."

"Somo yako?"

"Jina moja." Akajipiga kifuani pale penye shati jipya.

Mabel alimtazama yule mzee, akalitazama lile shati, kisha akamgeukia Upendo.

"Natoka kazini kwa kaka yako. Jumamosi alikuwa hapa?"

"Alikuwapo. Mjomba mtu akose?"

"Alifika lini?"

"Asubuhi, kabla vijana hawajaogeshwa."

"Akaondoka lini?"

"Watu walipotawanyika."

"Alikaa wapi?"

"Mahali pa mjomba. Angekaa jikoni?"

"Na jina la kijana alilitangaza nani?"

"Mjomba wake. Nani mwingine?" Mchi ukashuka. Upendo alikuwa anatwanga kana kwamba ndani ya kinu kuna mtu anayemfahamu. Makopa yaliruka nje na hakuyaokota.

"Mzee Barnaba, na wewe ulimwona?"

Mzee aliurudia mpini wake. "Mimi, mama, nala kuku tu. Ya nyumba ya watu siyasemi."

"Hata ukiulizwa na serikali?"

"Serikali haijanipa kuku."

Mabel akaaga. Alipofika penye gari akageuka: Upendo ameshaacha mchi, simu iko sikioni, anasema maneno machache kwa ukali, kisha anaitupa simu juu ya kanga kama mtu aliyetema kitu kichungu.

*

Barabara ya kupanda Newala ilikuwa inatengenezwa, maana yake ilikuwa imeharibiwa kwanza. Mabel alifika juu uwandani vumbi limempaka nyusi, na upepo baridi wa huko ukampokea kama mdai.

Swalehe alikuwa getini, mtu mzima, amekaa juu ya kiti chenye miguu mitatu na tofali.

"Shikamoo mzee Swalehe."

"Marahaba, Mama Oscar, karibu. Lakini mimi nimeshasema yote polisi."

"Umesema Jumamosi hukuondoka hapa."

"Sikuondoka."

"Hata kwenda chooni?"

"Nina nidhamu."

"Nidhamu ya kibofu, hongera. Hebu vua kofia."

Swalehe akaivua polepole. Mishono ya ndani ilikuwa ya njano. Mabel akainama akamtazama masikio: njano katika kila kunjo.

"Hii nini?"

"Manjano ya pilau."

"Unakula kwa masikio?"

Mabel alinusa ile kofia, akapiga chafya. Salfa haifichiki, inanuka kama kibiriti kilichokasirika. Kwa muda mfupi alidhani amefika mwisho wa safari: mlinzi ana salfa kichwani, mlinzi ana geti. Angemshika ukosi pale pale.

"Sema kabla sijaita polisi."

"Mama Oscar, si ya lori. Ni ile inayomwagika sakafuni mifuko ikipasuka. Nafagia, naweka kwenye kopo. Nina mikorosho yangu bondeni, nayo inataka kuishi."

"Jumamosi ulikuwa bondeni?"

"Salfa inapulizwa alfajiri, upepo umelala. Ukichelewa inakurudia usoni. Nilitoka kabla ya jua, nikarudi jua limepanda."

"Kila Jumamosi?"

"Msimu huu, kila Jumamosi."

"Nani anajua?"

"Wote wanajua. Hata bosi Chrispin huniambia niisalimie mikorosho."

"Uliporudi ulikuta nini?"

Swalehe akaitazama ardhi. "Geti limefungwa, kama nilivyoliacha. Ila hapa ndani kulikuwa na alama za matairi makubwa."

"Ziko wapi hizo alama?"

"Nilizifagia."

Mabel alivuta pumzi kwa pua. "Ulifagia ushahidi?"

"Nilifagia kazi yangu, Mama Oscar. Wangeniuliza nilikuwa wapi."

"Mwanamke amelala rumande kwa ufagio wako! Mtoto anapelekwa kunyonya kwa zamu kama anakwenda kliniki, na wewe umekaa hapa na masikio ya njano!"

Kiti chake kikatikisika juu ya tofali.

"Funguo za geti wanazo nani?" Mabel aliuliza, sauti imeshuka lakini haijapoa.

"Mimi na bosi."

"Na Stamili?"

"Stamili hapewi. Yeye mambo yake ni mlango wa ndani."

Mabel akamrudishia kofia yake. "Ivae. Na ukitoka hapo kwenye kiti kabla sijarudi, hiyo mikorosho nitaikata mwenyewe."

*

Kituo cha polisi hakikuwa mbali. Nje, kwenye benchi, mama mzazi wa Stamili alikuwa amempakata mjukuu aliyelala. Koplo Rukaiya, askari wa zamu, aliwaweka Mabel na mahabusu katika chumba kidogo, naye akasimama mlangoni.

Stamili alikuwa na macho makavu. "Shikamoo mama. Umekuja kuniambia mfumo umesema?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza mfumo unajua nini." Mabel akatoa mkobani mashine ndogo ya kusoma vidole, aliyoitoa ofisini, akaiwasha. "Weka dole gumba. La kulia."

Taa nyekundu.

"Pangusa, weka tena."

Nyekundu.

"La kushoto."

Nyekundu.

Mabel aliuvuta mkono wa Stamili mpaka dirishani penye mwanga. Vidole vilikuwa vyeusi pembeni, na katikati laini kama mgongo wa kijiko. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Unabangua korosho nyumbani?"

"Tangu nina akili. Mama anakaanga, mimi nabangua, tunauza stendi. Yale mafuta ya ganda yanachoma. Ngozi inatoka, inaota, inatoka tena."

Koplo Rukaiya naye, bila kuambiwa, akavitazama vidole vyake mwenyewe.

"Basi niambie," Mabel alisema. "Mashine haikusomi. Siku ya kusajiliwa ilikusomaje?"

Stamili akaurudisha mkono wake nyuma ya mgongo.

"Stamili, nina hasira tangu asubuhi. Usiniongezee."

"Haikunisoma," Stamili alisema. "Tulijaribu mpaka tukachoka. Bosi akasema, wakijua mashine haikutaki watamleta mwingine. Akaweka chake kwa jina langu. Akasema ni msaada."

"Kidole kipi?"

"Dole gumba la kulia."

"Na kila siku mlango?"

"Anafungua yeye, naingia mimi. Mfumo unaandika Stamili."

"Na hukuwaambia polisi?"

"Alikuja hapa siku ile ile niliyokamatwa. Akamwambia mama yangu pale benchini: binti yako akisema habari ya kidole, amedanganya serikali, anaongezewa kosa. Akinyamaza, nitamtoa."

"Amekutoa?"

Stamili akageuka akatazama nondo za dirisha. Nje mtoto aliamka akaanza kulia, na mbele ya gauni la Stamili kukalowa maziwa. Akaweka mikono kifuani, akasema kwa ukali, kwa mara ya kwanza: "Mimi siibi, mama. Kama ningekuwa mwizi ningekuwa na vidole."

Mabel akaifunga ile mashine na kuirudisha mkobani. Aliichagua yeye mwenyewe, Dodoma, juu ya meza safi, na ilijaribiwa kwa vidole vya watu wanaoshika kalamu. Hakusema hilo. Alimgeukia askari.

"Koplo, una nafasi ya kunisindikiza?"

"Kwa mambo haya, mama, nafasi ninayo."

*

Chrispin alisimama kuwapokea. Ofisi yake ilikuwa imepangwa vizuri, na yeye pia. Dole gumba la mkono wake wa kulia lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe.

"Shikamoo mama, karibuni sana. Koplo, karibu kiti."

"Marahaba. Pole, umepatwa na nini?"

"Korosho, mama. Kule Chiwata Jumamosi, tunawakaangia wageni, ganda likapasuka, mafuta yakaruka."

"Yakatua kwenye dole gumba tu?"

"Tu."

"Mafuta yenye adabu."

Chrispin akacheka kidogo, peke yake.

Mabel akakaa bila kukaribishwa mara ya pili. "Kwa jina lako wewe, mlango wa ghala unafunguliwa kwa kidole kipi?"

"Cha kushoto."

"Unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Unakula kwa mkono gani?"

"Wa kulia, mama. Nimelelewa."

"Mtu wa mkono wa kulia, amesajili dole gumba la kushoto. Nakuuliza kwa sababu mfumo ule nimeufunga mimi, na una roho mbaya: kidole kimoja haukikubali kwa majina mawili. Cha kulia kilikuwa na jina la nani?"

Jibu lilikuja haraka. "Siku ile kilikuwa na kidonda. Nani kakwambia vingine? Stamili?"

"Vidole vyake havisomeki."

"Basi umeona!" Chrispin akafungua mikono, bandeji ikang'aa. "Havisomeki *sasa*. Kavichoma mwenyewe baada ya wizi, kwa mafuta ya korosho. Nyumbani kwao wanabangua, yanamwagika hata mlangoni. Na Swalehe kampa funguo za geti. Huyo mzee Jumamosi hayupo kazini, uliza mtu yeyote."

Koplo Rukaiya akamtazama Mabel. Lilikuwa jibu zuri, na Mabel alilijua ubaya wake: kesho mbele ya hakimu lingesimama kwa miguu miwili.

"Fungua bandeji."

Chrispin hakubisha. Chini yake ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, laini. Mabel akakaribia akakitazama.

"Kitapona lini?"

"Wiki kadhaa, daktari anasema. Kikipona, mama, njoo ukipime. Mimi sina neno."

"Wiki kadhaa. Na Stamili anapandishwa kesho."

"Hilo la mahakama, si langu." Akaanza kuifunga bandeji tena, kwa uangalifu, kama anafunga zawadi. "Namwonea huruma yule dada. Lakini kazi ni kazi."

Mabel aliiweka mikono yake miwili juu ya meza. Koplo alidhani anataka kuipindua.

"Kwa hiyo wewe Jumamosi hukuwa Newala."

"Nilikuwa Chiwata toka asubuhi. Muulize dada yangu."

"Nimemuuliza."

"Eh." Mabega ya Chrispin yakashuka. "Kasemaje?"

"Kasema ulikuwapo. Ulifika kabla vijana hawajaogeshwa. Ulikaa mahali pa mjomba. Ukamtangazia kijana jina."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Asubuhi amekupigia simu akakwambia nimepita."

"Ameniambia kwa kifupi. Yeye ni mtu wa hasira, haongei sana."

"Nimeona. Basi maelezo yenu yanalingana, sina sababu ya kukusumbua." Mabel akachukua mkoba, akainuka nusu. "Ila sikubahatika kumwona kijana, alikuwa shambani. Nataka nimpongeze kabla sijarudi Masasi, nami naogopa kutozwa kuku. Anaitwa nani sasa?"

Chrispin aliangalia dirishani. "Sisi tunamwita Kijana."

"Kijana ni kila mtu. Jina uliloligawa wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu."

"Jina la ukoo, mama."

"Lipi?"

Nje Swalehe alikuwa anakohoa getini. Chrispin akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha piga hesabu na kuona haiwezi kumkataa.

"Basil. Jina la marehemu baba. Mjukuu wa kwanza, kwa dada yangu wa pekee. Lingekuwa lipi lingine?"

"Umesikia, Koplo?"

"Nimesikia. Basil."

"Jina zuri," Mabel alisema, akakaa tena. Akatoa simu, akatafuta namba ya Upendo iliyokuwa kwenye maelezo ya mashahidi, akaibonyeza, akaweka sauti ya nje, akailaza simu katikati ya meza. "Nimeona haya kumpongeza mtoto wa watu peke yangu. Tumpongeze wote. Anza wewe, mjomba."

"Sasa hivi, mama? Tuko kazini."

"Kazi ni kazi," Mabel alisema.

Simu iliita. Chrispin akanyoosha mkono kama anataka kuizima, lakini mkono wa Koplo Rukaiya ulikuwa umeshafika pale kabla yake.

"Halo," ilisema sauti ya Upendo, na nyuma yake kinu.

Mabel akamwonyesha Chrispin simu kwa kidevu.

"Dada," Chrispin alisema. "Hujambo dada. Nipe... mwite Basil nimpongeze."

"Nani?"

"Basil. Kijana."

"Basil gani?" Kinu kikanyamaza. "Chrispin, unanipigia kunitukana? Watu wamekusubiri mpaka uji umepoa! Mtoto amesimama mbele ya kijiji kizima, amenyolewa, hana mjomba, mimi nayaficha macho kama mwizi, mpaka mzee Barnaba wa watu akainuka akasimama mahali pako, akampa jina lake mwenyewe. Na wewe leo unataka Basil! Ungekuja, ungemwita unavyotaka."

Chrispin aliurudisha mkono wenye bandeji chini ya meza. Koplo Rukaiya akaanza kuandika. Upande wa pili ule ukimya ulisikika, na sauti ya Upendo ikarudi, ndogo, haina hasira tena.

"Halo? Chrispin? Uko na nani hapo?"